Wahindi wa pwani ya kusini ya Tanzania

Wahindi wa pwani ya kusini ya Tanzania ni wakazi wenye asili ya Bara Hindi waliofanya makao katika miji ya bandari kuanzia Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani hadi Mtwara na maeneo ya Ghuba ya Mnazi karibu na mdomo wa mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Wengi wao walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa Uhindi. Walikuja kama mabaharia, wafanyabiashara, mafundi na makarani, hasa kuanzia karne ya 19.

Idadi yao ilikuwa ndogo daima ikilinganishwa na ile ya Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera na Waswahili waliowazunguka. Hata hivyo walikuwa na nafasi kubwa katika biashara ya pembe za ndovu, sandarusi, mpira, ufuta na korosho. Historia yao inagusa pia biashara ya watumwa, ukoloni wa Kijerumani na wa Kiingereza, na siasa ya Ujamaa baada ya uhuru.

Jina

Katika Kiswahili cha kila siku neno "Wahindi" linataja watu wote wenye asili ya Bara Hindi, pamoja na wale ambao mababu zao walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan. Uhindi na Pakistan zilitenganishwa mwaka 1947, ilhali familia nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki zilikuwa zimeshahamia kabla ya hapo.

Watu wa pwani walitofautisha makundi yao kwa majina maalumu. "Banyani" ni Mhindi anayefuata dini ya Uhindu, hasa mfanyabiashara. "Khoja" na "Bohora" ni Waislamu wa madhehebu ya Shia. "Kalasinga" au "Singasinga" ni mfuasi wa Usikh. "Mgoa" ni Mkristo Mkatoliki kutoka Goa, iliyokuwa koloni la Ureno hadi mwaka 1961. Mtoto aliyezaliwa na mzazi Mhindi na mzazi Mwafrika huitwa "chotara".

Jiografia

Pwani ya kusini

Pwani ya kusini ya Tanzania ina visiwa vidogo, matumbawe, mikoko na ghuba zinazozuia mawimbi ya Bahari Hindi. Ghuba ya Mikindani iko takriban kilomita 10 kutoka mji wa Mtwara. Maji yake yametulia, kwa hiyo majahazi yaliweza kutia nanga humo kwa usalama. Inasemekana jina la Mikindani limetokana na neno "mikinda", yaani minazi michanga.

Kusini-mashariki mwa Mtwara, kupita vijiji vya Madimba na Msimbati, iko Ghuba ya Mnazi. Baada yake pwani inafika mahali ambapo mto Ruvuma unaingia baharini kati ya misitu ya mikoko. Tangu mwaka 2000 eneo hilo limehifadhiwa kama Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650. Gesi asilia iligunduliwa huko mwaka 1982.

Mdomo wa Ruvuma haukuwa bandari kubwa. Matope, mikoko na mafungu ya mchanga vilifanya iwe vigumu kushusha mizigo. Kwa sababu hiyo biashara ya bonde la Ruvuma ilielekea zaidi kwenye Mikindani na Lindi upande wa kaskazini, na kwenye bandari za Msumbiji upande wa kusini.

Kwa muda mrefu kusini ilikuwa vigumu kufikika kwa barabara kutoka Dar es Salaam, hasa wakati wa mvua, kwa sababu ya mto Rufiji. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla ya hapo mzigo mwingi ulisafiri kwa bahari, na mwenye chombo au ghala bandarini alikuwa na nguvu kubwa katika biashara.

Asili yao Bara Hindi

Kutch ni eneo kavu kaskazini-magharibi mwa Gujarat, lenye bandari za Mandvi na Mundra. Mvua zake hazitabiriki, na ukame ulisukuma vijana wengi kutafuta riziki ng'ambo ya bahari. Njaa kubwa ya miaka 1899 na 1900 iliongeza uhamaji huo. Rasi ya Kathiawar, yenye miji ya Porbandar na Jamnagar, ilitoa wahamiaji wengine wengi. Bandari ya Surat, na baadaye Bombay (siku hizi Mumbai), zilikuwa vituo vya nguo, fedha na meli. Kusini zaidi, pwani ya Kerala na mji wake wa Kollam vilihusiana na Mtwara baadaye kupitia korosho.

Historia

Pepo za msimu

Safari kati ya Uhindi na Afrika Mashariki zilitegemea pepo za msimu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Uhindi na Uarabuni. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na kuyarudisha. Kilwa ilikuwa karibu na kikomo cha safari ambayo jahazi liliweza kuifanya kwenda na kurudi katika mwaka mmoja. Chombo kilichoteremka kusini zaidi kilikuwa katika hatari ya kuchelewa na kulazimika kusubiri msimu mwingine. Jambo hilo linasaidia kueleza kwa nini bandari za kusini zilihudumiwa mara nyingi na vyombo vidogo kutoka Kilwa au Zanzibar.

Biashara hiyo ni ya kale. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani zimepatikana shanga kutoka Uhindi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta huko wafanyabiashara kutoka Uhindi, na kutoka hapo aliongozwa hadi Calicut. Hata hivyo, katika karne hizo Wahindi wengi walikuja kwa msimu na kurudi kwao.

Karne ya 19 na himaya ya Zanzibar

Makao ya kudumu yaliongezeka baada ya Sayyid Said wa Omani kuhamishia makao yake makuu Zanzibar mnamo mwaka 1840. Sultani alidai mamlaka juu ya pwani hadi karibu na Ruvuma, lakini kazi ya kukusanya ushuru wa forodha aliikodisha. Aliyeikodi alimlipa sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha akajilipa kutokana na ushuru aliokusanya bandarini.

Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1830 ukodishaji huo ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa ukoo wa Bhatia kutoka Kutch. Mwaka 1876 ulipewa Tharia Topan, Khoja aliyekuja Zanzibar akiwa kijana. Mawakala wa forodha katika bandari za pwani mara nyingi walikuwa Wahindi pia. Katika mji mdogo kama Mikindani wakala wa namna hiyo aliweza kuwa mkusanya ushuru, mkopeshaji na mwenye duka kwa pamoja.

Biashara ya mkopo

Biashara kati ya pwani na bara iliendeshwa kwa mkopo. Nyumba kubwa za Bombay na Zanzibar zilituma nguo, waya na shanga kwa wafanyabiashara wa pwani bila kulipwa papo hapo. Mfanyabiashara wa Kilwa au Mikindani alimkabidhi bidhaa hizo kiongozi wa msafara, ambaye mara nyingi alikuwa Mwarabu, Mswahili au Myao. Msafara ulikwenda hadi karibu na Ziwa Nyasa na kurudi na pembe za ndovu, nta na watumwa. Deni lililipwa kwa bidhaa hizo, na faida ya mkopeshaji ilikuwa ndani ya bei.

Malipo ya mbali yalifanyika kwa hundi, hati iliyomwagiza mtu wa mji mwingine kumlipa aliyeishika. Kwa njia hiyo fedha taslimu hazikuhitaji kusafirishwa baharini. Mfumo huo ulitegemea kuaminiana kwa jamaa na watu wa jumuiya moja, na ulitegemea pia daftari. Methali ya Kiswahili "mali bila daftari hupotea bila habari" inaeleza kanuni ambayo wafanyabiashara hao waliifuata kwa makini.

Upande wa pili wa mfumo huo ulikuwa deni lisilokwisha. Msafara ulioshambuliwa au kukumbwa na ugonjwa uliacha deni palepale, na mkopaji alihitaji mkopo mwingine ili alipe wa kwanza. Mashamba na nyumba za watu wa pwani ziliwekwa rehani, na baadhi zikaishia mikononi mwa wakopeshaji.

Wahindi na biashara ya watumwa

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirisha watumwa kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa. Lindi na Mikindani zilishiriki pia. Wahindi wachache waliongoza misafara wenyewe, lakini mitaji yao ndiyo iliyolipia bidhaa zilizobebwa na misafara mingi. Wengine walimiliki watumwa wa nyumbani na wa mashambani, au walipokea watumwa kama rehani ya deni.

Uingereza ilidai kwamba Wahindi hao walikuwa raia wake au watu walio chini ya ulinzi wake, hivyo walikatazwa na sheria kumiliki watumwa. Mnamo mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Christopher Rigby, aliwaacha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Mtawala wa Kutch naye aliwatangazia watu wake walioishi katika milki ya Zanzibar kwamba hawangelindwa katika jambo hilo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Baada ya mkataba huo afisa Mwingereza Frederic Elton alisafiri pwani ya kusini hadi Kilwa akiwaandikia hati za uhuru watumwa waliomilikiwa na Wahindi.

Uhuru wa hati haukumaliza utegemezi. Wengi wa walioachwa huru hawakuwa na ardhi wala njia ya kurudi kwao, na baadhi waliendelea kufanya kazi kwa mabwana wale wale. Wafanyabiashara kwa upande wao waliweka mitaji yao zaidi katika sandarusi, mpira wa porini, ufuta na mtama.

Safari ya Livingstone mwaka 1866

Uhusiano wa kusini na Uhindi unaonekana pia katika safari ya mwisho ya David Livingstone. Alitoka Bombay kwenda Zanzibar, na mwezi Machi 1866 alifika mdomo wa Ruvuma. Alipoona mikoko haiwezi kupitika kwa wanyama wake, alishuka katika Ghuba ya Mikindani.

Katika msafara wake walikuwamo askari 13 Wahindi na vijana 9 Waafrika kutoka Nasik. Nasik ni mji wa Uhindi ambako Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walilelewa na kusomeshwa na wamisionari. Mwingine aliyekuwa amesoma Bombay ni Chuma, Myao, ambaye pamoja na Susi aliongoza safari ya kuurudisha mwili wa Livingstone pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Kwa hiyo bahari iliyowaleta wafanyabiashara Wahindi kusini iliwapeleka pia Waafrika wa kusini hadi Uhindi.

Utawala wa Kijerumani

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Wajerumani walifukuzwa Lindi na Mikindani, na Kilwa wawakilishi wawili wa kampuni waliuawa. Bandari hizo zilitekwa na Hermann von Wissmann mwezi Mei 1890. Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895.

Serikali ya Kijerumani ilihitaji maduka ya Wahindi kwa sababu yalinunua mazao na kusambaza fedha. Walowezi Wajerumani kwa upande wao waliwaona kama washindani na kudai uhamiaji wao uzuiwe. Fedha ya koloni ilikuwa rupia, iliyofuata mfano wa rupia ya Uhindi. Mwanzoni iligawanywa kwa pesa 64. Kuanzia mwaka 1904 iligawanywa kwa heller 100. Kodi ilipoanza kudaiwa kwa fedha, wakulima walilazimika kuuza mpira, nta au nafaka, na mara nyingi mnunuzi wa karibu alikuwa Mhindi mwenye duka.

Hali hiyo ilionekana wakati wa Vita vya Majimaji (1905–1907). Vita vilianza katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, kwa kung'oa pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa. Muda mfupi baadaye maduka ya Wahindi huko Samanga, penye pwani, yalishambuliwa na kuchomwa. Kwa wapiganaji wengi mwenye duka alikuwa sehemu ya mfumo uleule wa pamba na kodi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na mamlaka ya kisiasa.

Vita Kuu ya Kwanza

Askari kutoka Uhindi walipigana Afrika Mashariki upande wa Waingereza tangu mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914. Mwaka 1917 vita vilihamia kusini. Vikosi vya Kihindi vilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyosonga mbele kutoka Lindi, katika mapambano yaliyofikia kilele chake Mahiwa mwezi Oktoba. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Wakazi wa nyanda za Makonde na Lindi walibaki na njaa, baada ya vyakula na wapagazi kuchukuliwa na pande zote mbili.

Utawala wa Kiingereza

Baada ya vita mali za Wajerumani ziliuzwa, na sehemu yake ilinunuliwa na Wahindi, yakiwamo mashamba ya mkonge katika Tanganyika. Kutoka bandarini Wahindi walifungua maduka hadi Newala, Masasi na vituo vingine vya bara. Duka la kawaida liliuza nguo, chumvi, sukari, mafuta ya taa na majembe; lilinunua ufuta, mihogo mikavu, nta na baadaye korosho.

Wahindi wenyewe walikuwa na malalamiko dhidi ya serikali. Mwaka 1923 serikali ilitunga sheria za leseni na kodi ya faida, zilizotaka pia hesabu zisiandikwe kwa Kigujarati pekee. Wafanyabiashara wa Tanganyika walijibu kwa kufunga maduka yao kwa wiki kadhaa. Kwao suala la daftari lilikuwa zito, kwa kuwa wenye maduka wengi wadogo hawakujua lugha nyingine ya kuandikia hesabu.

Wakulima nao walilalamikia bei ndogo na mizani isiyo ya haki. Sheria ya kikoloni ilizuia pia wafanyabiashara kudai mahakamani madeni ya Waafrika yasiyoidhinishwa. Ililenga kuwalinda wakulima, lakini ilipunguza uwezekano wa Waafrika kupata mkopo wa kuanzisha biashara zao. Vyama vya ushirika vilivyoanzishwa baada ya sheria ya mwaka 1932 vilipanuka polepole na kuchukua nafasi ya wanunuzi binafsi.

Mpango wa Karanga na kukua kwa Mtwara

Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake. Ghuba ya Mikindani haikufaa kwa meli kubwa, hivyo bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ulishindwa na kuachwa mwaka 1951, lakini bandari ilikamilishwa na kufunguliwa mwaka 1954. Reli iling'olewa katika miaka ya 1960.

Mtwara mpya iliivuta biashara. Wafanyabiashara, wakiwamo Wahindi wengi, waliondoka Mikindani na kufungua maduka na maghala katika mji mpya. Nyumba zao za ghorofa zenye roshani za mbao zilibaki Mikindani, nyingine zikawa magofu.

Uhuru, uraia na Ujamaa

Mwaka 1958 TANU ilikubali katika mkutano wa Tabora kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wahindi waliounga mkono TANU walichaguliwa kwa kura za Waafrika. Baada ya uhuru Amir Jamal alikuwa waziri kwa miaka mingi, ikiwa ni pamoja na kushika wizara ya fedha.

Sheria ya uraia ya mwaka 1961 ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Tanganyika ikiwa mzazi wake mmoja alizaliwa humo pia. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Familia nyingi ziligawanyika: ndugu mmoja alichukua uraia wa Tanganyika, mwingine alibaki na pasipoti ya Uingereza, na wa tatu ya Uhindi.

Upande wa pili wa Ruvuma hali ilikuwa tofauti. Uhindi ilipoitwaa Goa mwezi Desemba 1961, serikali ya Ureno iliwaweka kizuizini Wahindi wa Msumbiji na kuwafukuza wengi wao.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha benki na makampuni makubwa ya biashara ya nje. Mwezi Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Wahindi. Mwaka 1976 "Operesheni Maduka" ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini kwa lengo la kuweka maduka ya ushirika. Kwa wananchi wengi hatua hizo zilikuwa njia ya kurekebisha tofauti za mali zilizorithiwa kutoka ukoloni. Kwa familia zilizohusika zilikuwa na maana ya kupoteza nyumba na riziki ya vizazi. Wengi walihamia Dar es Salaam, Uingereza au Kanada, na jumuiya za miji midogo ya kusini zilipungua sana.

Korosho

Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili, na unastawi katika udongo wa kichanga wa nyanda za Makonde. Wafanyabiashara Wahindi walinunua korosho ghafi na kuzipeleka Uhindi, hasa Kollam katika Kerala, ambako zilibanguliwa kwa mkono na kuuzwa Ulaya na Marekani. Kwa njia hiyo mkulima wa Mtwara na mbanguaji wa Kerala walitegemeana bila kuonana.

Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Baadaye mavuno yalishuka chini ya tani 20,000 katika miaka ya 1980, kutokana na kuhamishiwa wakulima vijijini mbali na mikorosho yao, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa na serikali vilikosa malighafi, na vingi vilifungwa. Uzalishaji ulipanda tena na kufikia zaidi ya tani 300,000 katika msimu wa 2017/18.

Tangu mwaka 2007 korosho huuzwa kwa mnada kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Sehemu kubwa bado husafirishwa ghafi, na wanunuzi wakuu wanatoka Uhindi na Vietnam. Mwaka 2018 serikali ilikataa bei za wanunuzi binafsi na kutangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikilitumia jeshi kuisomba. Hoja ya kubangua nyumbani ili faida ibaki kusini inaendelea kujadiliwa.

Dini

Katika Uhindi yenyewe sensa ya mwaka 2011 ilihesabu Wahindu asilimia 79.8, Waislamu 14.2, Wakristo 2.3, Masingasinga 1.7, Wabuddha 0.7 na Wajaini 0.4. Wahindi wa Afrika Mashariki hawafuati mgawanyo huo, kwa kuwa walitoka katika maeneo machache na jumuiya chache. Miongoni mwao Waislamu wa Shia ni wengi kuliko inavyotarajiwa kutokana na takwimu za Uhindi.

Wahindu wa pwani walikuwa hasa Bhatia, Lohana na Patel. Mabanyani wa karne ya 19 kwa kawaida walikuja bila wake zao, wakala vyakula bila nyama na kuchoma maiti zao. Sikukuu yao kubwa ni Diwali, ambayo kwa wafanyabiashara wa Gujarat ni pia wakati wa kufunga hesabu za mwaka na kufungua daftari jipya.

Wakhoja Waismailia humfuata Aga Khan kama imamu wao aliye hai, na husali katika jamatkhana. Aga Khan III alitembelea Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1899 na kuwahimiza wafuasi wake kufanya huku kuwa kwao. Tarehe 10 Agosti 1946 alipimwa kwa almasi mjini Dar es Salaam, na fedha zilizochangwa zilitumika kwa shule, nyumba na mikopo. Katika karne ya 19 sehemu ya Wakhoja walijitenga na kufuata Shia Ithnasheri, yaani wenye maimamu 12. Jumuiya zao ziliundwa pia Kilwa, Lindi na Mikindani, zikiwa na imambara kwa ajili ya kumbukumbu ya Imamu Hussein mwezi wa Muharram.

Wabohora ni tawi lingine la Shia, wakiongozwa na kiongozi anayeitwa Dai. Wengi walikuwa wauzaji wa vyombo vya chuma na mafundi wa bati. Wahindi Wasunni, kama vile Wamemoni, waliweza kusali msikitini pamoja na Waswahili, kwa hiyo tofauti kati yao na wenyeji ilikuwa ndogo zaidi. Wagoa Wakatoliki walifanya kazi kama makarani, wapishi na washonaji, na Masingasinga kama maseremala na makanika.

Lugha na utamaduni

Nyumbani Wahindi wengi walizungumza Kigujarati au Kikachi, lugha ya Kutch. Kikachi hakikuwa na desturi ya kuandikwa sana, hivyo daftari zilijazwa kwa Kigujarati. Dukani lugha ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili kimepokea maneno mengi kutoka lugha za Uhindi au kupitia kwao: pesa, rupia, laki, hundi, bima, bepari, gunia, gari, dobi, chapati, bajia na kachumbari. Neno "bepari" lilimaanisha mfanyabiashara tu, kabla ya kupata maana ya kisiasa katika enzi ya Ujamaa. Kaniki, nguo nyeusi au ya buluu iliyovaliwa na wanawake wengi wa bara, ilitoka Uhindi.

Biashara ya sanaa nayo iliwaunganisha Wahindi na watu wa Ruvuma. Katika miaka ya 1950 Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alinunua na kuwahimiza wachongaji Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Vinyago vya mpingo vya aina ya shetani vilijulikana duniani kupitia maduka kama lake.

Katika fasihi, M. G. Vassanji, mwandishi aliyelelewa Dar es Salaam, ameandika kuhusu chotara wa Kihindi na Kiafrika kutoka Kilwa katika riwaya yake The Magic of Saida (2012).

Hali ya sasa

Siku hizi Wahindi wachache tu wanaishi katika miji ya kusini, wengi wakiwa Mtwara na Lindi. Baadhi ni wazao wa familia za kale; wengine ni wageni waliokuja kwa biashara ya korosho. Wapo pia wenyeji wenye babu au bibi Mhindi, ambao wanajitambulisha kama Waswahili au watu wa kabila la mzazi mwingine.

Mikindani bado ina nyumba za kale zenye milango ya kuchongwa na roshani. Boma la Wajerumani limekarabatiwa na kuwa hoteli, lakini nyumba nyingi za wafanyabiashara zinabomoka kwa mvua na mizizi ya miti. Majengo hayo ni ushahidi wa biashara iliyowatajirisha wachache, iliyolisha mji mzima, na ambayo kwa sehemu ya historia yake ilihusu pia kuuza watu.

Katika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, maghala ya Mtwara hujaa tena magunia, na sehemu kubwa ya mzigo huo huelekea Uhindi.